Kwenda Nizwa na Kurudi kwa Siku Moja: Mwongozo kwa Msafiri Anayeajiri Kiongozi Wake Mwenyewe

Watu wa pwani yetu wanaofika Maskati, ama kuzuru jamaa, ama kutafuta biashara, ama kungojea ndege ya kuwapeleka mbele, aghalabu huimaliza ziara yao baina ya soko la Matrah na baraza ya mwenyeji wao, wakarejea makwao bila ya kuiona Nizwa, mji wa bara ya Oman uliokuwa makao ya Maimamu tangu mwisho wa karne ya 8, nao ndio uliojengewa ngome na Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ambaye mwanawe, Seif bin Sultan, majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Mji wenyewe umekaa chini ya milima ya Hajar, kwenye miguu ya Jabal Akhdhar, kilomita takribani 160 kutoka Maskati, nayo barabara ni pana na nzuri, hata mwendo wake hauzidi saa mbili. Kwa hiyo mtu aweza kwenda na kurudi kwa siku moja bila ya taabu, sharti aipange siku hiyo kabla haijaanza.

Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka kuajiri gari na kiongozi kwa ajili yake na watu wake peke yao.

Kwa nini uajiri kiongozi wako

Kitu unachokinunua unapoajiri kiongozi wa peke yako si gari, kwa kuwa gari hata wewe waweza kulikodi, wala si njia, kwa kuwa njia ni moja na vibao vyake vimeandikwa wazi. Unachonunua ni mwendo wa siku, yaani uwezo wa kukaa pale ulipopendezwa na kuondoka pale ulipochoka, pamoja na elimu ya mtu awezaye kukuambia kwamba tundu lile lililo juu ya mlango wa ngome halikuachwa na fundi kwa kusahau. Ndiyo maana kosa lililo kubwa kuliko yote, na ambalo wengi hulitenda kwa pupa ya kutaka kuona kila kitu, ni kulipa ujira wa safari ya faragha kisha kuijaza siku vituo sita, ukakimbizwa huku na huko sawasawa na yule aliyekuja katika basi la watu arubaini, tena kwa gharama kubwa kuliko yake.

Iko sababu ya pili, nayo msomaji wa Kiswahili asiidharau. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika ufalme mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo, familia nyingi zilizokuwa zimekaa Unguja, Pemba na bara ya Afrika ya Mashariki zilihamia Oman, zikaichukua na lugha yao. Na hata leo si shida kumpata Maskati kiongozi anayesema Kiswahili, ikiwa utamwomba mapema na kwa kutaja hivyo waziwazi. Lakini umjaribu kwanza kwa simu, mzungumze japo dakika tano, kwa maana wako vijana waliozaliwa Maskati ambao wanakifahamu Kiswahili cha bibi zao vizuri sana jikoni, ila wakifika kwenye habari za Maimamu na mizinga husita, wakarudi katika Kiarabu au Kiingereza. Ukimpata mtu mzima aliyesomea Unguja, mwamkie shikamoo kama ulivyolelewa. Ataipokea, na siku yako itakuwa imeanza vyema.

Ama gharama, jua kwamba ujira hupangwa aghalabu kwa gari na siku nzima, si kwa kichwa. Mtu mmoja ataiona safari ghali. Watu watatu au wanne wakichangiana, mara nyingi watakuta kwamba kila mmoja ametoa kiasi kisichopita sana cha yule aliyekwenda na kundi.

Chagua siku kabla ya kuchagua kiongozi

Siku ya kwenda Nizwa ni Ijumaa, kwa sababu asubuhi ya Ijumaa ndipo panapofanyika mnada wa mifugo kando ya ngome, na mnada huo si tamasha lililotengenezwa kwa ajili ya wageni bali ni soko la wafugaji wa milimani na majangwani. Lakini Ijumaa ina sharti lake: ikikaribia adhuhuri maduka hufungwa kwa ajili ya sala, nayo ngome na majumba mengine ya kale huwa na saa zilizo mbali na za siku nyingine. Kiongozi mzuri huipanga siku kuuzunguka mwanya huo. Kiongozi asiye na hadhari hukufikisha mlangoni wakati mlinzi anafunga komeo.

Kama mbuzi na ng'ombe hawakushughulishi, nenda siku yoyote baina ya Jumapili na Alhamisi, ufaidi utulivu. Jiepushe na Jumamosi jioni katika kurudi, maana mapumziko ya juma ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na jioni hiyo watu wote waliokwenda vijijini kwao wanarejea Maskati kwa pamoja.

> MSIMU
> Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ni ya kupendeza, na alfajiri ina baridi ya kutosha kuhitaji sweta.
> Kuanzia Mei hadi Septemba joto hupanda kupita nyuzi 40. Asiyelazimika asiende, na anayelazimika amalize mambo ya nje kabla ya saa 4 asubuhi.
> Katika Ramadhani usile wala usinywe hadharani mchana, hata kama hufungi, na tazamia kwamba mikahawa itafungwa hadi Magharibi.

Mapatano: hatua za kufuata

1. Omba kuona leseni. Oman humtaka kila kiongozi wa watalii awe na leseni ya Wizara ya Turathi na Utalii. Asiye nayo aweza kuwa dereva mwema na mtu wa kheri, lakini unamwajiri kama dereva, kwa ujira wa dereva.

2. Taja vituo, visizidi vitatu. Mnada na soko ni kimoja, ngome ni cha pili, na cha tatu utakichagua kwa shauri nitakalolitoa mbele.

3. Andikianeni saa, tena mseme ni saa za hesabu gani. Hapa wamepotezana wengi. Wewe ukisema saa kumi na moja unakusudia alfajiri kwa hesabu ya kwetu. Kiongozi aliyekulia Maskati, hata akisema Kiswahili, pengine ameizoea hesabu ya Kiarabu na Kiingereza, akaielewa saa ileile kuwa ni karibu na adhuhuri. Iandikeni kwa tarakimu za saa 24, kama 05:30, yaishe.

4. Ulizia ujira umekusanya nini. Taja kimoja kimoja: petroli, viingilio vya ngome, maji ya kunywa, chakula cha mchana, chakula cha kiongozi mwenyewe, na malipo ya kila saa itakayozidi. Kiingilio cha mgeni si lazima kiwe sawa na cha mwenyeji, basi usikadirie kwa alivyolipa binamu yako.

5. Patana juu ya gari. Kwa Nizwa, na kwa Bahla na Jabrin zilizo karibu nayo, gari dogo la kawaida latosha. Kwa kupanda Jabal Akhdhar halitoshi: penye mwanzo wa mlima, karibu na Birkat al-Mauz, kipo kituo cha polisi kinachorudisha kila gari lisilokuwa la magurudumu manne yenye nguvu.

6. Toa arbuni ndogo tu, upewe risiti, na salio lilipwe mwisho wa siku. Riyali moja ya Oman ina baisa 1,000, na thamani yake ni takribani dola 2.6 za Kimarekani. Msafiri aliyezoea shilingi huiona tarakimu ndogo akadhani jambo ni rahisi.

7. Mweleze hali za watu wako. Kama yuko mzee wa magoti mabovu, mja mzito, au mtoto wa mbio, sema mapema. Ngome zote hizi ni za ngazi, na ngazi zenyewe zilijengwa makusudi ziwe ngumu.

Ratiba ya Ijumaa, kwa hesabu ya saa zetu

Hii ni kwa miezi ya baridi; wakati wa joto ianze mapema zaidi.

- Baada ya sala ya Alfajiri: ondokeni Maskati. Kifungua kinywa kiwe chepesi, ndani ya gari.
- Saa 1.30 asubuhi: mnada wa mifugo.
- Saa 3.00: ngome.
- Saa 5.00: soko, kabla halijafungwa.
- Saa 6.00: sala ya Ijumaa, kisha chakula na mapumziko.
- Saa 8.00: mfereji wa Falaj Daris, nusu saa.
- Saa 9.15: jumba la Jabrin, mkiwa mmeulizia mapema saa zake za Ijumaa.
- Saa 10.45: safari ya kurudi.

Magharibi itawakuta njiani, nanyi mtafika Maskati yapata saa 1 usiku. Njia ya kwenda hupita katika bonde la Sumail, ufa mkubwa unaoigawa milima ya Hajar baina ya mashariki na magharibi, ambao misafara ya ngamia iliufuata kabla ya magari. Na mji wa Sumail ndiko kwao Mazin bin Ghadhuba, anayehesabiwa kuwa Mwomani wa kwanza kusilimu. Mwambie kiongozi akuamshe mkifika hapo ikiwa umelala.

Mnadani

Uwanja wa mnada ni duara lenye kipaa, katikati pana jukwaa la kukalia, pembeni pana watu wengine wamesimama au wameketi, na baina ya makundi hayo mawili upo ujia ambamo wauzaji huzunguka, kila mmoja anavuta mbuzi kwa kamba huku akitangaza bei kwa sauti kubwa, duru baada ya duru, bila ya kusimama. Mnunuzi aliyependezwa humzuia kwa mkono. Hapohapo mbuzi hufunguliwa kinywa akatazamwa meno, akapapaswa mgongo na kiwele, akaachiwa aendelee au akakabidhiwa kamba. Bibi wa Kibedui waliovaa barakoa, vazi ambalo bibi zetu wa Unguja walilijua, huketi mbele kabisa, na ukiwatazama kwa muda utafahamu kwamba hapana anayewadanganya bei. Mbuzi wa nchi hiyo aghalabu ni ghali kuliko aliyeletwa kutoka ng'ambo, na kiongozi wako akujulishe namna ya kuwatambua.

Hadhari za hapo ni chache lakini ni za lazima. Usisimame ndani ya ujia, maana utazuia biashara za watu, na ng'ombe dume anapoingizwa huvutwa na watu wawili na bado hawamwezi sawasawa. Vaa viatu vya kufunika, sababu utaijua. Usiwapige picha wanawake kabisa bila ya ruhusa. Kwa wanaume, omba kwa ishara, na aliyekataa umwache. Wala usiinue mkono kumpungia rafiki upande wa pili wa duara.

Ngomeni

Panda mnara kwanza, jua lisijakuwa kali, majumba ya ndani yaje baadaye. Mnara huu wa mviringo, ambao kipenyo chake kinazidi mita 30 na ambao hikaya ya nchi husema ulijengwa kwa miaka 12, ulifanywa mnene namna hiyo kwa sababu zama zile mizinga ilikuwa imekwisha badilisha vita: ukuta mwembamba na mrefu ulikuwa hauna faida tena, bali ulitakiwa ukuta wa kumeza kishindo cha mizinga ya ndani na risasi za mizinga ya nje. Sehemu yake ya chini imejazwa udongo na mawe, hata ukiwa juu unasimama kama juu ya kilima, na matundu ya mizinga yameuzunguka pande zote, asipatikane adui wa kujificha upande wowote.

Lakini hila yenyewe iko katika ngazi. Njia ya kupanda ni nyembamba na imepindishwa mara kadhaa. Penye kila pindo pana mlango mzito, na juu ya kila mlango pana tundu la kumiminia mafuta au asali ya tende iliyochemshwa, nayo asali hiyo ilikuwa ni silaha mbaya kuliko maji ya moto kwa kuwa hunata mwilini. Na mbele ya milango panapokanyagwa palikuwa na mashimo yaliyofunikwa ubao, ukiondolewa ubao usiku aliyeingia kwa haraka alianguka ndani. Hapa ndipo kiongozi anapoustahili ujira wake. Mwombe msipande moja kwa moja, bali msimame kwenye mlango wa pili, aufunge kwa maneno, akuonyeshe yule wa juu alisimama wapi na yule wa chini alionekana vipi. Waliowahi kuzunguka Ngome ya Yesu watajikuta wanalinganisha kila pembe, jambo ambalo ni zuri, kwa kuwa jengo lile Waomani walilitwaa baada ya kulizingira kwa muda wa karibu miaka mitatu, na watu wa nchi hii walifahamu vyema ngome ni kitu gani.

Mashimo hayo leo yamewekewa vizuizi. Hata hivyo mtoto ashikwe mkono tangu mlango wa kwanza. Aliye na kizunguzungu asisogelee ukingo wa juu, ijapokuwa ndipo panapoonekana kuba la msikiti, mitende iliyozunguka mji, na milima nyuma yake.

Jambo moja la adabu. Habari za Nizwa hazikukoma karne ya 17. Mji huu ulikuwa makao ya Uimamu hata mwaka 1955, majeshi ya Sultani Said bin Taimur yalipoingia, na mwaka 1957, katika vita vya Jabal Akhdhar, ndege za Kiingereza zilizipiga ngome za bara hii. Wako watu ambao baba zao walikuwa upande huu au ule. Uliza ukitaka, lakini uliza mkiwa garini, si katikati ya watu, na kiongozi akijibu kwa ufupi usimchimbe.

Sokoni

Soko la Nizwa limegawanywa kwa bidhaa: tende na haluwa mahali pake, fedha na hanjari mahali pake, vyungu, samaki na mboga vivyo hivyo. Bei za vyakula hazina mvutano mkubwa. Bei za fedha na vitu vya kale zina mvutano, ila ni wa upole. Mwenye duka akikukaribisha kahawa kwanza, ipokee kwa mkono wa kulia, na ukitosheka tikisa kikombe kidogo, la sivyo utajaziwa hadi adhuhuri.

Katika tende, onja Khalas kabla ya kununua chochote kingine, kisha Fardh na Khunaizi, ujue tofauti. Haluwa inunuliwe ile iliyopikwa karibuni, na kwa kuwa walinzi wa viwanja vya ndege aghalabu huitia katika hesabu ya vitu vya majimaji, iwekwe katika mzigo wa kwenda chini ya ndege, pamoja na asali na samli.

> HADHARI YA HANJARI
> □ Ulizia kama ala ni fedha halisi au ni bati lililong'arishwa. Mwenye fedha halisi hataona tabu kuipima mbele yako.
> □ Usinunue yenye mpini wa pembe ya kifaru au ya ndovu, japo uambiwe ni ya kale. Biashara yake kuvuka mipaka imekatazwa na mapatano ya mataifa, na atakayekamatwa ni wewe, si muuzaji.
> □ Hata ya mapambo ni kisu: kwenye begi la mkononi itachukuliwa.

Katika mtaa wa kale wa al-Aqr, nyuma ya soko, upo msikiti wa Shawadhna wenye mihrabu ya lipu iliyochongwa katika karne ya 16, nao mara nyingi wageni huupita bila ya kujua. Mwambie kiongozi aulizie kama uko wazi. Asiye Mwislamu asiingie msikiti wowote ila ule ambao umetangazwa kuwaruhusu wageni. Mwislamu wa kwetu, ambaye kwa kawaida ni Shafii, atawakuta watu wa madhehebu ya Ibadhi wakisali mikono yao imeachwa chini. Safu ni moja, asimame nao, wala isiwe sababu ya mjadala. Kwa kuwa u safarini, ulizia pia habari ya kukusuru sala, upange siku yako ipasavyo.

Kituo cha tatu: kipi?

Kiongozi atakutajia Bahla, Jabrin, kijiji cha Misfat al-Abriyin, na Jabal Akhdhar, na pengine atakuambia vyote vyawezekana. Havifai kwa siku moja. Bahla ina ngome iliyoingizwa katika Turathi ya Ulimwengu mwaka 1987, na kutoka bara hii ndiko walikotoka Manabhani ambao jina lao linajulikana katika habari za Pate, basi mtu wa Lamu aweza kuichagua kwa haki. Jabal Akhdhar, kwenye uwanda wake ulio mita takribani 2,000 juu ya bahari, ina mawaridi yanayochumwa Aprili kwa ajili ya kutengeneza marashi, na makomamanga mwishoni mwa miezi ya joto; lakini kupanda mlima ule alasiri na kuushuka usiku ni kujidhulumu, uache mpaka upate usiku wa kulala juu.

Mimi husema Jabrin. Jumba hili, lililo yapata kilomita 45 kutoka Nizwa, lilijengwa na Imamu Bilaarub bin Sultan, ndugu wa Seif, nalo ni jumba la elimu na la starehe kuliko ngome ya vita: dari zake za mbao zimechorwa maua na maandishi ambayo rangi zake zinaonekana hadi leo, ghala ya tende ina mifereji sakafuni ya kukusanyia asali iliyochuruzika kwa uzito wa magunia yenyewe, na vyumba vya juu vina madirisha ya safu mbili, hewa baridi ikaingia chini na ya moto ikatoka juu. Ndugu hao wawili waligombania Uimamu. Seif alimzingira nduguye humohumo, na Bilaarub alifia ndani mwaka 1692, akazikwa hapo chini. Miaka sita baadaye majeshi ya Seif yaliingia Mombasa. Simama penye kaburi lile kabla ya kupanda vyumbani, vyumba utaviona vingine.

Kabla ya Jabrin, mkiwa mnatoka Nizwa, pumzikeni Falaj Daris, mfereji mmoja katika mifereji mitano iliyoandikwa katika Turathi ya Ulimwengu mwaka 2006. Maji yake hugawiwa kwa zamu, na utaratibu wa mifereji ya Oman ni kwamba ya kunywa hutangulia juu, kisha ya kuoga na kutawadha, mwisho ya mashamba. Basi usiingize miguu ulikopendezwa tu, wala usitumie sabuni.

Mvua ikinyesha

Ukiona mawingu juu ya milima, ijapokuwa mjini pana jua, usikubali gari lako livuke bonde lenye maji, hata dereva akisema maji ni ya kifundoni. Mvua hunyesha juu usiyoiona, na maji hufika kwa dakika chache. Imamu al-Warith bin Kaab, mmoja katika Maimamu wa mwanzo, alikufa hapohapo Nizwa mwanzoni mwa karne ya 9, alipochukuliwa na mafuriko ya bonde akijaribu kuwaokoa wafungwa. Kwa hatari yoyote njiani, nambari ya polisi ni 9999.

Vya kuchukua

□ Pasipoti au nakala yake.
□ Riyali taslimu, noti ndogo ndogo, kwa soko.
□ Nguo za kufunika mabega na magoti. Mtandio kwa wanawake.
□ Viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza.
□ Kofia na maji, lita mbili kwa kila mtu wakati wa joto.
□ Mfuko mtupu wa kutilia tende.
□ Nambari ya simu ya kiongozi iliyoandikwa kwenye karatasi, simu isije ikazimika.

Kumaliza hesabu

Lipeni salio mkishafika Maskati, mzigo umekwisha toka garini na umehesabiwa. Kama saa zimezidi kwa matakwa yako, lipa za ziada kama mlivyoandikiana. Kama zimezidi kwa sababu kiongozi alikwenda dukani kwa rafiki yake, mkumbushe kwa upole. Bakhshishi si faradhi, bali aliyekuhudumia vizuri tangu alfajiri hastahili kuondoka mkono mtupu, na kama mlizungumza Kiswahili siku nzima atafurahi zaidi ukimwachia na buni au karafuu ya Pemba uliyokuja nayo.

Wala usipange ndege ya usiku uleule. Kama huna budi, iwe ya baada ya saa 6 usiku, mizigo iwe imefungwa tangu jana yake, na Jabrin uiondoe katika ratiba.